Urefu wa Shingo na Kimo cha Malisho: Ushahidi wa Mifupa ya Giraffatitan brancai wa Tendaguru

Utangulizi

Kiunzi cha mifupa kinachosimama katika ukumbi mkuu wa Museum für Naturkunde mjini Berlin kina kimo cha mita 13.27. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, na Watanzania wengi wanamfahamu mnyama huyo kama mjusi wa Tendaguru, jina ambalo limesikika hata bungeni kila suala la umiliki wa mifupa hiyo lilipoibuliwa. Kitaalamu mnyama huyu si mjusi. Ni dinosauri wa kundi la sauropodi, Giraffatitan brancai, aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, kuelekea mwisho wa kipindi cha Jurasiki. Mtazamaji anayesimama chini ya kiunzi hicho na kuinua macho huondoka na picha moja akilini: mnyama aliyekula vilele vya miti kama twiga. Jina la jenasi lenyewe limetungwa kwa kuifuata picha hiyo.

Makala hii inapima uzito wa ushahidi ulio nyuma ya picha hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba kimo cha malisho ya mnyama huyu hakiwezi kusomwa katika urefu wa shingo peke yake. Mkao wa shingo ndefu huamuliwa zaidi na viungio vya shina lake, yaani pale inapoungana na kiwiliwili, na kwa bahati mbaya hapo ndipo mifupa ya Tendaguru ilipohifadhiwa kwa upungufu mkubwa zaidi. Kwa hiyo mashahidi wengine, yaani fuvu, meno, tumbo na hata moyo ambao haukuacha kisukuku chochote, wanastahili kusikilizwa kwa uzito uleule unaopewa pingili za shingo.

Mifupa ilivyopatikana na ilivyounganishwa

Visukuku vya Tendaguru viliingia katika maandishi ya sayansi baada ya mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler kuviona mwaka 1906, na mtaalamu wa visukuku Eberhard Fraas kulizuru eneo hilo mwaka 1907. Ulikuwa wakati ambao kusini ya koloni la Kijerumani ilikuwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji. Uchimbaji mkubwa wa mwaka 1909 hadi 1913 uliongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Mikono iliyochimba, kusafisha na kufunga mifupa hiyo ilikuwa ya mamia ya vibarua Waafrika chini ya msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa takriban kilomita 60, na zaidi ya tani 200 za visukuku zikavuka bahari. Waingereza nao walichimba hapo kati ya 1924 na 1931.

Katika mjadala wa ulaji, jambo la kuzingatia ni kwamba mnyama wa Berlin si mnyama mmoja. Kiunzi kimejengwa hasa juu ya mifupa ya mnyama aliyepewa alama SII, na mapengo yake yakajazwa kwa mifupa ya wanyama wengine wa ukubwa unaokaribiana au kwa vielelezo vya kuchonga. Pingili za shingo na za mgongo zinazoonekana ukumbini ni nakala za plasta, kwa kuwa zile halisi ni nzito na dhaifu mno kuning’inizwa. Kichwa nacho ni nakala iliyotokana na fuvu la mnyama mwingine, mdogo kuliko SII. Kiunzi kilizinduliwa mwaka 1937, kikabomolewa na kujengwa upya mwaka 2007, ambapo miguu ya mbele ilinyooshwa chini ya mwili na mkia ukainuliwa kutoka ardhini. Hivyo mkao wa shingo unaopigwa picha na maelfu ya wageni ni uamuzi wa wajenzi wa kiunzi. Uamuzi huo una hoja zake, lakini haupaswi kutumiwa kama ushahidi wa jambo ambalo ulikusudiwa kulionyesha.

Suala la jina nalo lina athari zake. Janensch alimwita mnyama huyu Brachiosaurus brancai mwaka 1914, akimweka katika jenasi moja na Brachiosaurus altithorax aliyeelezwa na Elmer Riggs mwaka 1903 kutokana na mifupa ya Colorado, Marekani. Gregory Paul alipendekeza jina Giraffatitan mwaka 1988 kwa ngazi ya jenasi ndogo, George Olshevsky akalipandisha kuwa jenasi kamili mwaka 1991, na Michael Taylor akaonyesha mwaka 2009, mfupa kwa mfupa, kwamba wanyama hao wawili wanatofautiana kwa mambo mengi. Wasomaji wengine huliona hili kuwa ugomvi wa majina tu. Kwa mtafiti wa biomekanika si hivyo: maadamu jenasi ni mbili, pengo katika mifupa ya Tendaguru haliwezi kuzibwa kwa mfupa wa Colorado bila hoja ya ziada.

Anatomia ya shingo

Shingo ya Giraffatitan ina pingili 13, na urefu wake unakadiriwa kuwa mita 8.5. Twiga ana pingili 7 tu, sawa na binadamu na karibu mamalia wote, na shingo yake ni takriban robo ya urefu huo. Tofauti hii ya idadi ndiyo inayofanya ulinganisho na twiga uwe wa kupotosha tangu mwanzo. Twiga hurefusha shingo kwa kurefusha kila pingili. Sauropodi walifanya hivyo na pia wakaongeza pingili, na kila pingili iliyoongezwa ni kiungio kimoja zaidi cha kujipindia.

Mzigo wa shingo ya namna hiyo ungekuwa mkubwa kupita kiasi kama mifupa yake ingekuwa imejaa. Haikujaa. Mwaka 1947 Janensch alichapisha uchunguzi wa vyumba vya hewa ndani ya pingili za sauropodi na jamaa zao, na tafiti za baadaye za Mathew Wedel zimeonyesha kwamba kwa wastani zaidi ya nusu ya ujazo wa pingili za sauropodi ilikuwa hewa. Vyumba hivyo viliungana na vifuko vya hewa vilivyotokana na mapafu, kama ilivyo kwa ndege wa leo. Ukuta wa mfupa ni mwembamba, umekunjwa na kutiwa mbavu za ndani pale penye mkazo, na mahali pasipo na mkazo mfupa karibu haupo. Kwa sababu hiyo pingili hizi huvunjika kwa urahisi wakati wa kuzikwa na wakati wa kuchimbwa, na sehemu zilizo nyembamba zaidi hupotea kwanza.

Kila pingili ina kiwiliwili kilicho na kichwa cha mviringo mbele na kikombe nyuma, ili kichwa cha pingili moja kiingie katika kikombe cha ile iliyotangulia. Juu ya kiwiliwili kuna tao linalopitisha ugogwe, na katika tao hilo hutokeza vikono viwili mbele na viwili nyuma ambavyo hupandana na vikono vya pingili jirani kama vigae vya paa. Vikono hivi ndivyo huamua shingo inaweza kujipinda kiasi gani, maana vikiachana kabisa kiungio huwa kimeteguka. Chini ya shingo zimepita mbavu ndefu na nyembamba, kila moja ikienea nyuma hadi chini ya pingili zinazofuata. Nicole Klein na wenzake (2012) walichunguza tishu za mbavu za namna hii kwa hadubini na kugundua kwamba ni kano za misuli zilizogeuka mfupa. Maana yake ni kwamba misuli iliyoinamisha shingo ingeweza kukaa nyuma zaidi, karibu na kifua, na kuvuta kwa mbali bila kuiongezea ncha ya shingo uzito.

Mkao wa shingo

Hapa ndipo mjadala ulipo mkali. Kent Stevens na Michael Parrish (1999) walijenga kwa kompyuta shingo za Diplodocus na Apatosaurus, wakazipanga pingili hivi kwamba vikono vya kila kiungio vipandane kikamilifu. Mpangilio huo, ambao waliuita mkao wa wastani, ulitoa shingo iliyonyooka mbele au kuinama kidogo, na kichwa kilichoelekea chini. Katika kazi zao za baadaye walitumia njia hiyo kwa mnyama wa Tendaguru pia, na shingo yake ikatoka ikiwa imenyooka kwa mwinuko mdogo tu, mbali sana na mnara unaoonekana Berlin.

Njia hiyo ina ubora wa kuwa wazi: mtafiti mwingine anaweza kuirudia na kuipima. Udhaifu wake uko katika dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba mnyama aliye hai hushika shingo yake katika mkao wa wastani wa mifupa. Taylor, Wedel na Darren Naish (2009) waliangalia picha za eksirei na vielelezo vya wanyama wa leo, wakakuta kwamba wanyama wa nchi kavu wenye miguu iliyosimama wima chini ya mwili, wakiwemo mamalia na ndege, hushika shina la shingo likiwa limepindishwa juu na sehemu ya karibu na kichwa ikiwa imepindishwa chini. Yeyote anayemtazama sungura ataona mnyama asiye na shingo kabisa, ilhali mifupa yake inaonyesha shingo iliyosimama karibu wima ndani ya manyoya. Dhana ya pili ni kwamba nafasi kati ya mfupa na mfupa inajulikana. Katika mnyama hai nafasi hiyo imejaa gegedu, na gegedu halibaki katika visukuku. Taylor na Wedel (2013) walionyesha kwamba unene wa gegedu ukiongezwa kidogo tu katika kila kiungio, mkao wa wastani wa shingo nzima huinuka, kwa sababu nyongeza ndogo hujumlishwa kiungio baada ya kiungio.

Lakini wanaotetea shingo ya wima nao hawakuachwa bila swali. Matthew Cobley, Emily Rayfield na Paul Barrett (2013) walipima shingo za mbuni kabla na baada ya kuondoa misuli na tishu laini, wakakuta kwamba mifupa mitupu hujipinda zaidi kuliko shingo yenye nyama. Kwa hiyo mtafiti anayehesabu kwa mifupa peke yake anaweza kuipa shingo wepesi ambao haikuwa nao.

Andreas Christian na Gordon Dzemski (2007) walipita njia nyingine, na kwa mnyama wa Tendaguru njia yao ndiyo inayostahili kupewa uzito zaidi, kwa kuwa inategemea sehemu za mfupa zilizosalia. Walianza na kanuni kwamba mnyama hakui na gegedu nene mahali pasipo na mzigo. Eneo la uso wa kiungio cha kila pingili linaonyesha mzigo ambao kiungio hicho kilizoea kuubeba. Kwa kila mkao wa shingo unaodhaniwa, mzigo katika kila kiungio unaweza kukokotolewa: uzito wa sehemu yote iliyo mbele ya kiungio, pamoja na mvuto wa misuli na kano za juu zinazouzuia usianguke. Shingo iliyolazwa mbele ni kama foromali iliyoshikwa na henza upande mmoja tu. Uzito wake wote huzaa momenti katika shina, na misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi, mvuto ambao nao huzidi kuyabana magegedu. Shingo iliyoinuliwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi huzaa nusu tu ya momenti hiyo, kwa kuwa kosaini ya nyuzi 60 ni nusu. Walipolinganisha mizigo na maeneo ya viungio, mkao uliotoa mkazo ulio karibu sawa toka mbele hadi nyuma ulikuwa ule wa shingo iliyoinuliwa kwa mwinuko mkubwa.

Matokeo hayo hayasemi kwamba mnyama hakuweza kuishusha shingo. Alikunywa maji, na huenda alikula vya chini. Yanachosema ni kwamba mkazo uliozoeleka, ule ulioamua ukubwa wa magegedu, ulikuwa wa shingo iliyo juu. Hata hivyo hesabu hiyo hutegemea makadirio ya uzito wa shingo, na historia ya makadirio ya uzito wa mnyama huyu inatosha kumfanya mtu awe mwangalifu: Edwin Colbert alitoa tani 78 mwaka 1962, Hanns-Christian Gunga na wenzake wakatoa tani 38 mwaka 2008, na Taylor akatoa tani 23 mwaka 2009. Mifupa ni ileile. Kinachobadilika ni kiasi cha nyama na hewa ambacho kila mtafiti ameikadiria kuizunguka.

Gharama ya damu

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya shingo ya wima haikutoka katika mifupa. Roger Seymour, mtaalamu wa fiziolojia, ameisisitiza katika kazi kadhaa kwamba damu ina uzito, na kuipandisha ni kazi. Safu ya damu yenye kimo cha mita 1 huleta kanieneo ya takriban milimita 78 za zebaki. Moyo wa binadamu hufanya kazi kwa kanieneo ya wastani ya karibu milimita 100, na wa twiga karibu mara mbili ya hapo. Kama ubongo wa Giraffatitan ulikuwa mita 7 juu ya moyo, safu ya damu peke yake ingedai takriban milimita 546, kabla ya kuongeza kanieneo inayohitajika ili damu ipite ndani ya ubongo. Kama ubongo ulikuwa mita 3 tu juu ya moyo, safu hiyo ingedai takriban 234.

Seymour (2009) alikokotoa kwamba sauropodi mwenye shingo ya wima angetumia karibu nusu ya nishati yote aliyoipata katika chakula kwa kuzungusha damu tu. Kwake, jibu la busara ni shingo iliyolala, inayofagia eneo pana bila mnyama kupiga hatua. Jibu hilo lina mantiki ya kijiometria. Shingo ya mita 8.5 inayozunguka robo ya duara hufikia eneo la takriban mita za mraba 57, na kwa kuwa eneo huongezeka kwa mraba wa urefu, shingo ya nusu ya urefu huo ingefikia robo tu ya eneo hilo.

Kuna waliojaribu kuikwepa hoja hii kwa kudai kwamba mishipa ya damu ilifanya kazi kama mpira wa kunyonyea maji, damu inayoshuka ikiivuta inayopanda. Vipimo vya twiga haviungi mkono dai hilo, kwani moyo wake kwa kweli hulipa gharama ya kimo. Jibu lenye uzito zaidi lilitolewa na Christian (2010) alipomjadili sauropodi mwingine, Euhelopus wa Uchina. Kuinua shingo kuna gharama, lakini kuusogeza mwili wa makumi ya tani hadi mti unaofuata nako kuna gharama. Pale ambapo miti ya chakula iko mbalimbali, mnyama anayeumaliza mti mmoja toka chini hadi juu kabla ya kuondoka anaweza kupata faida, mradi asikae na shingo juu siku nzima. Swali basi linahama kutoka kwenye umbo la mnyama na kwenda kwenye msitu wake: je, chakula kilikuwa wapi, na umbali kati ya mti na mti ulikuwa kiasi gani?

Fuvu na meno

Kichwa cha Giraffatitan ni kidogo mno kwa mwili wake, na udogo huo ni sehemu ya jibu. Hakikuwa na kazi ya kutafuna. Taya hazina meno mapana ya kusagia, wala hakuna nafasi ya misuli mikubwa ya kutafuna. Kichwa kizito katika ncha ya shingo ya mita 8.5 kingeongeza momenti mahali pabaya kuliko pote, na mnyama asiyetafuna hahitaji kichwa kizito.

Tundu za pua katika fuvu ziko juu, chini ya tao la mfupa lililotuna mbele ya macho. Zamani tundu hizo zilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba mnyama aliishi majini na kutoa pua nje ili apumue. Kenneth Kermack (1951) aliivunja dhana hiyo kwa hesabu ya kanieneo: kifua kilichozama mita kadhaa chini ya maji kisingeweza kutanuka. Baadaye Lawrence Witmer (2001) alionyesha kwamba pua ya nyama kwa wanyama wa namna hii hukaa mbele, karibu na mdomo, hata tundu la mfupa likiwa juu.

Meno yana umbo lililo kati ya kijiko na patasi, na ncha zake zina nyuso zilizolika. Nyuso hizo zinaonyesha kwamba meno ya juu na ya chini yalikutana na kukata. Ni tofauti na meno ya Diplodocus, membamba kama penseli na yaliyojipanga mbele ya mdomo tu. Mark Young na wenzake (2012) walipima kwa kompyuta mikazo katika fuvu la Diplodocus, wakakuta kwamba linafaa kwa kupukusa majani kwa kuvuta tawi kati ya meno. David Button na wenzake (2014) waliongeza kwamba Camarasaurus, mwenye fuvu imara na meno mapana, aliweza kung’ata kwa nguvu zaidi na hivyo kula mimea migumu zaidi. Giraffatitan hakuwa katika majaribio hayo, lakini ujenzi wa meno yake unamweka karibu zaidi na Camarasaurus kuliko Diplodocus.

Kasi ya kubadilisha meno nayo inatoa habari. Michael D’Emic na wenzake (2013) walihesabu mistari ya ukuaji wa kila siku katika meno na kukadiria kwamba Diplodocus aliota jino jipya katika kila tundu kila siku 35, na Camarasaurus kila siku 62. Jino linalobadilishwa upesi ni jino linaloliwa upesi, na vumbi na mchanga ni vingi karibu na ardhi kuliko juu mtini. Katika kadhia ya mnyama wa Tendaguru, ushahidi wa meno, ambao haudai dhana yoyote kuhusu gegedu wala moyo, unaelekea upande wa mnyama aliyekata matawi kuliko aliyefagia mimea ya chini.

Tumbo lililofanya kazi ya meno

Chakula kisichotafunwa lazima kivunjwe kwingine. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba sauropodi walimeza mawe ya kusagia kama mbuni. Oliver Wings na Martin Sander (2007) walilinganisha uzito wa mawe hayo kwa mbuni na yale machache yanayokutwa na mifupa ya sauropodi, wakakuta kwamba kwa uwiano wa uzito wa mwili mawe ya sauropodi ni machache mno kuweza kusaga chochote. Kinachobaki ni uchachushaji: chakula kukaa siku nyingi katika tumbo kubwa, kikivunjwavunjwa na vijidudu.

Jürgen Hummel na wenzake (2008) walichachusha majani ya mimea ya leo yenye ukoo wa kale ndani ya maji ya tumbo la kondoo. Ekuisetumu ilitoa nishati nyingi na kwa haraka. Araukaria, mti wa jamii ya misonobari, ilianza polepole, lakini uchachushaji uliporefushwa hadi saa 72 ikatoa nishati nyingi. Kwa mnyama mwenye tumbo la kuhifadhi chakula muda mrefu, msonobari ambao mbuzi angeuacha ni lishe nzuri. Ukubwa wa mwili hapa ni chombo cha kazi, si matokeo tu ya kula sana.

Majirani katika malisho

Msafara wa pamoja wa Wajerumani na Watanzania uliorudi Tendaguru mwaka 2000 ulichunguza zaidi mashapo na mimea kuliko mifupa mikubwa. Picha iliyotokea, kama ilivyochapishwa na Martin Aberhan na wenzake (2002), ni ya pwani yenye mabwawa ya maji ya chumvi na tambarare zinazofunikwa na maji ya kupwa na kujaa, hali ya hewa yenye majira ya ukame, na misitu ya misonobari upande wa bara. Chavua ya misonobari ya jamii ya Cheirolepidiaceae ni nyingi katika tabaka hizo. Miti hiyo ndiyo iliyokuwa chakula kirefu cha eneo hilo, na ukame wa majira unafanya hoja ya Christian kuhusu miti iliyotawanyika iwe na mashiko.

Giraffatitan hakulisha peke yake. Dicraeosaurus hansemanni, sauropodi aliyetajwa na Janensch mwaka huohuo wa 1914, alikuwa na shingo fupi kwa kipimo cha kundi lake, pingili 12 zenye miiba mirefu ya juu iliyogawanyika mara mbili. Tornieria africana alikuwa ndugu wa Diplodocus. John Whitlock (2011) alipima umbo la mdomo na mikwaruzo ya meno katika kundi hilo. Wenye mdomo wa mraba, kama Diplodocus mwenyewe, walionekana kulisha chini bila kuchagua. Dicraeosaurus na Tornieria, wenye mdomo wa mviringo zaidi, walionekana kuchagua mimea, toka usawa wa ardhi hadi kimo cha kati. Chini yao walikuwepo Kentrosaurus aethiopicus mwenye miiba mgongoni, na Dysalotosaurus mdogo, ambaye mifupa yake ilipatikana kwa wingi mahali paitwapo Kindope.

Mpangilio huo unavutia kuugawa msitu kama ghorofa na kumpa kila mnyama ghorofa yake. Uvutio huo unafaa kuzuiwa kidogo. Twiga na swala hugawana kichaka kwa vimo wakati wa kiangazi na kula pamoja wakati majani ni mengi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Tendaguru ilikuwa na nidhamu kuliko Serengeti. Jambo moja lakini haliondoki: kati ya wala majani wote wa Tendaguru wanaofahamika vizuri, ni Giraffatitan peke yake aliye na mfupa wa juu wa mguu wa mbele, wa mita 2.13 katika SII, unaozidi ule wa paja. Mabega yaliyo juu kuliko nyonga huinua shina la shingo kabla shingo yenyewe haijainuliwa hata nyuzi moja. Hata katika mkao wa chini wa Stevens na Parrish, kichwa cha mnyama huyu kilikuwa juu kuliko vichwa vya majirani wake. Ubishi uliobaki ni wa mita ngapi zaidi.

Shina la shingo

Ubishi huo hauwezi kumalizwa kwa mifupa iliyopo. SII ana pingili nyingi za shingo, lakini matao na vikono vya pingili za nyuma, pale shingo inapoingia kifuani, vimevunjika au havipo. Mnyama wa pili wa eneo hilohilo, SI, aliye mdogo zaidi, ametoa pingili nzuri, ila ni za mbele. Ni viungio vichache vya shina ambavyo tofauti ya nyuzi chache katika kila kimoja hukipeleka kichwa mita kadhaa juu au chini, na ni hivyo hasa visivyopimika. Plasta ya mwaka 1937 ilikamilisha sehemu hiyo kwa makadirio ya Janensch. Miundo ya kompyuta iliyofuata imeikamilisha kwa makadirio ya watafiti wengine, na hakuna hata mmoja wao aliyeshika mkononi mfupa kamili wa mahali hapo.

Mfano wa aina hiyo, yaani pingili ya 11 hadi ya 13 pamoja na ya kwanza ya mgongo, zikiwa na matao yake na zikiwa bado zimeungana, ungekuwa na thamani kubwa kwa suala hili kuliko kiunzi kingine kizima kisicho na shingo. Tabaka zilizotoa SI na SII bado zipo katika vilima vya Lindi, na mashimo ya zamani hayakuzimaliza. Anayetaka kujua Giraffatitan alikula kwa kimo gani hana budi kuutafuta mfupa huo huko.